Cherry Kearton, Mwindaji wa Ndege kwa Kamera

Watu wengi wazijua habari za wawindaji mashuhuri waliokuja Afrika ya Mashariki na bunduki zao, wakarudi kwao na pembe na ngozi. Wachache wazijua habari za yule aliyekuja na sanduku lenye kioo, akarudi kwao na picha. Mtu huyo ni Cherry Kearton, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1871 na kufariki mwaka 1940. Maisha yake yote yalikuwa safari za kutafuta picha za ndege na wanyama. Safari nyingine zilimletea furaha na sifa, nyingine zikamletea taabu, hasara na hata kuchekwa. Nimeona yafaa kuziandika habari zake katika kurasa zetu za Kiswahili, ili wanafunzi wenzangu, na kaka zetu waliotutangulia katika shule hii, wazisome na kuzipima.

Cherry alizaliwa tarehe 8 Julai katika kijiji kidogo cha Thwaite, katika bonde la Swaledale, jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Nchi ile ni ya vilima vilivyo wazi, yenye baridi na upepo mkali, na malisho yake yamegawanywa kwa kuta za mawe. Wenyeji wake ni wafugaji wa kondoo, na baba yake Cherry alikuwa mmoja wao. Alikuwa na kaka yake aitwaye Richard, aliyezaliwa mwaka 1862, yaani alimpita kwa miaka tisa. Huwezi kusimulia maisha ya mmoja bila kumtaja mwenzake, maana walikuwa kama kinu na mchi. Wote wawili walisoma katika shule ndogo ya kijiji cha Muker, karibu na kwao; lakini mengi waliyoyajua waliyapata nje ya darasa, huko vilimani, wakisikiliza milio ya ndege na kutafuta viota vyao.

Richard alipokuwa mtoto alipatwa na msiba. Alipanda mti kutafuta kiota, akaanguka, akaumia nyonga. Hakupona sawasawa, na tangu siku ile alichechemea mpaka kufa kwake. Mtu mwingine angaliwachukia ndege na miti pamoja. Yeye alizidi kuwapenda. Na kwa kuwa hakuweza tena kupanda na kukimbia kama wenziwe, alijizoeza kukaa kimya na kutazama, mpaka akaweza kuigiza mlio wa ndege hata ndege mwenyewe akadanganyika.

Ujuzi huo ndio uliowafungulia mlango. Mwaka 1882 mmoja wa wakubwa wa kampuni ya Cassell, wachapaji wa vitabu wa London, alifika bondeni kuwinda ndege wa jamii ya kwale wakaao katika vilima vile. Richard alikuwa akifuatana naye, akaigiza mlio wa ndege hao, nao wakasogea. Yule bwana alistaajabu, akaona kijana huyu ana akili, akampa kazi London. Baadaye Cherry naye alimfuata kaka yake, akaajiriwa katika nyumba ile ile ya vitabu. Hivyo ndivyo watoto wawili wa mfugaji walivyoingia katika mji mkubwa, wakawa makarani, huku mioyo yao imebaki vilimani.

Cherry alikuwa na kamera, kama vijana wengine wa mjini waliopenda mchezo huo uliokuwa mpya. Mwezi wa Aprili mwaka 1892 ndugu hao walikuwa wakitembea viungani mwa London. Richard alifunua majani ya kichaka, akaona kiota cha ndege mwimbaji mwenye madoa kifuani, na mayai yamo ndani. Akamwambia mdogo wake akipige picha. Cherry akafanya hivyo. Husemwa kuwa hiyo ndiyo picha ya kwanza iliyo nzuri ya kiota cha ndege wa porini pamoja na mayai yake, kikiwa mahali pake pale pale. Richard alipoiona alitambua jambo ambalo hakuna mwandishi aliyekuwa amelitenda: kutunga kitabu cha ndege ambacho picha zake zote ni za kamera, wala hamna hata moja iliyochorwa kwa mkono.

Yafaa tukumbuke kamera ya siku zile ilikuwaje. Siku hizi simu ya mkononi yapiga picha mia kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Kamera ya Cherry ilikuwa sanduku la mbao lililosimama juu ya miguu mitatu. Mpigaji alijifunika kitambaa cheusi kichwani ili aone sura ya kitu juu ya kioo cha nyuma, nayo alionekana juu chini. Kisha aliingiza kipande cha kioo kilichopakwa dawa, na kila kipande kilitumika mara moja tu. Ndege akitikisa kichwa, picha huharibika. Wingu likipita, huharibika. Kioo kikianguka, huvunjika, na kazi ya siku nzima imekwisha. Tena mtu hakujua amepata nini mpaka arudi nyumbani, aingie katika chumba cha giza na kukiosha kioo katika dawa. Mara nyingi alitoka chumbani mikono mitupu.

Kwa muda wa miaka mitatu ndugu hao walitumia likizo zao na akiba zao kuzunguka Uingereza na Uskoti. Penye kiota kilicho juu, miguu ya kamera iliungwa kwa vijiti virefu, na Cherry alisimama juu ya mabega ya Richard ili akifikie kioo. Fikiria mtu mwenye nyonga mbovu akimbeba ndugu yake mabegani, naye haruhusiwi kutikisika! Penye magenge ya bahari, Cherry alifungwa kamba akateremshwa, huku mawimbi yakipiga chini yake. Mwaka 1895 kitabu kilitoka, kikaitwa British Birds' Nests, maana yake Viota vya Ndege wa Uingereza. Richard aliandika maneno, Cherry alitoa picha. Watu wakakipenda.

Mwaka uliofuata walisafiri mpaka kisiwa cha St Kilda, mbali katika bahari ya magharibi ya Uskoti. Watu wachache wa kisiwa kile waliishi kwa ndege wa baharini: waliwala, wakatumia mafuta yao na manyoya yao, nao walishuka magengeni kwa kamba kama sisi tunavyoshuka ngazi. Ndugu wa Kearton waliwapiga picha ndege na watu pia. Mwaka 1930 wenyeji 36 waliobaki waliomba kuhamishwa, wakahamishwa, na kisiwa kikabaki kitupu. Basi picha zile zimekuwa ukumbusho wa maisha ambayo hayapo tena. Mpiga picha hajui siku ile anapiga nini kitakachopotea kesho.

Kiota hakikimbii, lakini ndege hukimbia. Kwa hiyo shida kubwa ilikuwa kumkaribia ndege mwenyewe. Ndugu hao walitengeneza shina la mti la bandia, lililopakwa rangi na kufunikwa mimea itambaayo, mtu akasimama ndani yake. Walichukua ngozi ya kondoo, wakaijaza, wakaificha kamera tumboni, wakaifungua kwa mpira mrefu wa hewa wakiwa mbali. Lakini kitu kilichowapa sifa kuliko vyote ni ng'ombe. Mwaka 1900 waliagiza kwa mafundi wa kujaza ngozi mjini London ng'ombe dume aliyetengenezwa kwa ngozi ya kweli juu ya viunzi vyepesi vya mbao, mtupu ndani, ili mtu apate kuingia na kamera yake. Ng'ombe huyo alichukuliwa malishoni akasimamishwa karibu na kiota cha ndege wa majanini, kama kipozamataza, na ndege alirudi mayaini kwake bila wasiwasi, maana ng'ombe amewazoea tangu kuzaliwa.

Ukimsikia ng'ombe huyo utacheka, lakini aliyekuwa ndani hakucheka. Alisimama ameinama saa nzima au zaidi, joto limemzidi, miguu imekufa ganzi, asiweze kujikuna wala kukohoa. Siku moja ng'ombe alipinduka pamoja na mtu aliyekuwamo, miguu yote minne ikaelekea mbinguni. Na ndugu aliyekuwa nje, kabla ya kusaidia, alipiga picha kwanza! Picha hiyo ipo hata leo, nao hawakuificha. Waliitoa kitabuni, watu wakacheka pamoja nao. Hii ndiyo tabia yao iliyonipendeza sana. Waliyaonyesha wazi mashaka ya kazi yao, wala hawakujifanya kuwa kila wakitoka hupata.

Mwaka ule ule wa 1900 Cherry alichukua mashine ya kunasa sauti juu ya nta, akainasa sauti ya ndege waimbao wakiwa huru porini. Wengine kabla yake walikuwa wamenasa sauti ya ndege aliye kifungoni. Lakini huyu aliipeleka mashine kwa ndege, hakumleta ndege kwa mashine. Kisha akageukia picha za sinema, na mwaka 1908 akaupiga mji wa London picha akiwa angani katika chombo kirukacho kwa gesi. Hapo njia za ndugu wawili zikaanza kuachana. Richard alibaki Uingereza na ndege zake, akiandika na kuhutubia watu; Cherry akaitamani dunia.

Mwaka 1909 Cherry alifika Afrika ya Mashariki. Mwaka huo huo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa mwezi wa Aprili kwa uwindaji mkubwa. Roosevelt na mwanawe Kermit waliwaua wanyama 512 kwa bunduki zao, wengi wao wakapelekwa katika jumba la makumbusho la Marekani. Cherry alikutana na safari hiyo akaipiga picha za sinema, pamoja na wanyama na watu wa nchi. Picha hizo zilionyeshwa Marekani mwaka 1910 kwa jina la Roosevelt in Africa.

Na hapa, ndugu msomaji, ndipo penye jambo la kufikiriwa. Kabla ya picha za Cherry kufika, mtu mmoja wa Chicago aitwaye William Selig alikuwa amekwisha tengeneza picha yake mwenyewe. Hakufika Afrika hata siku moja. Alimvika mwigizaji mavazi kama ya Roosevelt, akanunua simba mzee, akamweka katika pori la kujengwa, simba akapigwa risasi mbele ya kamera. Watu walimiminika kuitazama, na wengi waliamini kuwa ni Afrika kweli. Picha za Cherry zilipofika, watazamaji walilalamika. Walitaka kuona simba akiruka na kuuawa, naye aliwaletea viboko mtoni, ndege, na Roosevelt akitembea. Uongo ukapata fedha na ukweli ukapata lawama. Cherry angaliweza kufuata njia ya Selig, maana fedha zilikuwa huko. Lakini alirudi tena Afrika kutafuta jambo la kweli litakalowaridhisha watu.

Sisemi kwamba hakukosea. Katika safari zake za 1910 aliwapiga picha wapiganaji wa Kimasai wakimwinda simba kwa mikuki, na simba akafa. Vilevile alifuatana na Mmarekani aitwaye Jones, aliyejulikana kwa jina la Buffalo, ambaye alileta farasi na mbwa na kamba ili awanase wanyama kama wanaswavyo ng'ombe kwao, hata kifaru na simba wakafungwa. Mambo hayo yalikuwa ya kweli, hayakuigizwa. Lakini je, simba yule angalikufa siku ile kama hapangalikuwa na mtu mwenye kamera? Mimi naona ni doa. Mtu aliyekaa tumboni mwa ng'ombe ili asimshtue ndege mdogo, hakupaswa kufurahia kuona kifaru akiburutwa kwa kamba. Tamaa ya watazamaji ilimvuta hatua moja kando ya njia yake. Wengine watasema ni ujira wa kazi, kwamba bila picha za namna ile asingalipata nauli ya kwenda kupiga zile za amani. Kila msomaji na aamue mwenyewe.

Mwaka 1914 vita vikuu vya kwanza vilianza, na Cherry alikuwa miongoni mwa waliopiga picha za vita huko Ubelgiji. Mwaka 1915 alirudi Afrika ya Mashariki, safari hii kama askari, katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers. Kikosi kile kilikuwa cha ajabu. Ndani yake walikuwamo wawindaji na wasafiri wenye mvi, kama Frederick Selous, mwindaji mashuhuri aliyekuwa amepita miaka sitini. Kikosi hicho kilishiriki katika kuushambulia mji wa Bukoba mwezi wa Juni mwaka 1915. Homa na njaa ziliwamaliza wengi kuliko risasi, na Selous aliuawa Beho Beho, karibu na mto Rufiji, tarehe 4 Januari 1917. Wala tusiwasahau wapagazi Waafrika waliokufa kwa maelfu katika vita vile wakibeba mizigo isiyokuwa yao. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam latukumbusha habari zao mpaka leo. Cherry alitoka hai. Nchi aliyoijua kwa kamera aliiona sasa ikiwaka moto.

Baada ya vita alimwoa mwimbaji wa Afrika ya Kusini, Ada Forrest, mwaka 1922, naye akawa mwenzi wake wa safari. Mwaka 1925 alitoa kitabu juu ya sokwe aliyesafiri naye kutoka Kongo mpaka London. Jina la sokwe huyo lilikuwa Toto, na msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa maana yake. Kitabu kile kilipendwa sana na watoto wa Uingereza. Ingawa leo, tukijua jinsi sokwe walivyopungua misituni, hatungependa mtu yeyote afanye vile tena.

Kazi yake iliyo kubwa kwa ndege katika siku za uzee aliifanya katika kisiwa cha Dassen, kaskazini ya Cape Town. Hapo wanaishi pengwini wa Afrika, ndege wasioweza kuruka, wenye kutembea wima kama wazee wa baraza. Yeye na mkewe waliishi kisiwani kati ya ndege hao, wakiwatazama wakigombea mashimo, wakitaga, wakilisha watoto, wakienda baharini na kurudi. Mwaka 1930 alitoa kitabu chake, The Island of Penguins, na picha ya sinema pia. Hapakuhitajiwa ng'ombe wa ngozi wala shina la bandia, maana pengwini hawakumwogopa. Siku zile walikuwa wengi mno, na watu walikusanya mayai yao kwa kuyauza kama mayai ya kuku. Mwaka 2024 wataalamu wa hifadhi waliwatia pengwini hao katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kama St Kilda, ndivyo na Dassen: wingi aliouona Cherry hauonekani tena.

Richard alifariki mwaka 1928. Cherry aliishi miaka kumi na miwili zaidi. Tarehe 27 Septemba 1940, London ikiwa inapigwa mabomu kila usiku, alikwenda katika jumba la redio la BBC kuzungumza na watoto juu ya wanyama. Alipomaliza alitoka nje, akaanguka, akafa. Maneno yake ya mwisho hadharani yalikuwa kwa watoto. Mwaka 1967 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilianzisha nishani kwa jina lake, hupewa wale waliosoma au kupiga picha za viumbe kwa uhodari.

Tunajifunza nini? Kwanza, kwamba umaskini wa vyombo si kisingizio. Ndugu hawa walianza kwa kamera ya kawaida na mshahara wa karani. Pili, kwamba kazi ya saburi huleta siku nyingi za mikono mitupu, na mtu asiyeweza kurudi bure mara kumi hatapata kitu mara ya kumi na moja. Tatu, kwamba ukweli huenda polepole kuliko uongo. Leo hakuna amsifuye Selig kwa simba wake wa Chicago isipokuwa kwa kumcheka, lakini picha za viota za mwaka 1892 na kuendelea zingali zinatazamwa na wenye kupenda ndege.

La mwisho ni letu wenyewe. Katika miti ya shule zetu wamo ndege wengi, na katika mifuko ya baadhi yetu zimo manati. Najua hoja ya wenye manati: ndege ni kitoweo, na mwenye njaa hapigi picha. Siwezi kuikataa hoja hiyo kwa mwenye njaa kweli. Lakini wengi wetu hupiga ndege kisha twamwacha chini, hata hatumchukui. Anayetaka kuupima uhodari wake na ajaribu jambo ambalo Richard alilifanya kwa mguu mmoja mbovu: akae chini ya mti nusu saa bila kutikisika, mpaka ndege asahau kuwa yupo. Ni kazi ngumu kuliko kurusha jiwe, na mwisho wake ndege angali hai, aweza kutazamwa tena kesho.